Ukocha si dawa ya mkono unaouma

Jumatatu moja asubuhi, mwanzoni mwa mwaka jana, mama mmoja aliingia katika kliniki yangu hapa Nairobi akiwa amemshika mwanawe mkono kana kwamba alihofia angemtoroka. Mwana mwenyewe alikuwa kijana wa miaka 24, mrefu hata ikambidi ainame mlangoni. "Daktari," mama akaanza kabla hajaketi, "huyu anasema mkono umeharibikia kazini. Kazi gani, naye hushinda kitandani na simu?"

Kijana aliinamisha macho. Kazi kweli ilikuwepo. Kwa miaka minne alikuwa akichezea timu ya PUBG Mobile, mchezo wa vita unaochezwa kwenye simu, wachezaji wanne kwa kila timu. Katika miezi mizuri, zawadi za mashindano na marupurupu ya timu ndiyo yaliyolipa kodi ya nyumba ya mama huyo huyo, jambo ambalo mama hakuwa amelitaja.

Shida ilikuwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Nilimwambia akikunje ndani ya kiganja, afunge ngumi juu yake, kisha aiinamishe ngumi kuelekea upande wa kidole cha mwisho. Aliruka kitini. Dalili hiyo huonyesha kuvimba kwa ala za kano zinazoendesha kidole gumba. Ni maradhi tuliyozoea kuyaona kwa akina mama wenye watoto wachanga, wanaomnyanyua mtoto mara mia kwa siku kwa namna ile ile. Siku hizi huyaona pia kwa vijana wa simu.

Nilimpa dawa ya kupunguza uvimbe na gango la kukituliza kidole kwa wiki 6. Kisha nikatoa ushauri ambao ndio sababu ya makala haya. "Acha kucheza," nilimwambia, "lakini si lazima uuache mchezo. Je, timu yenu haina kocha? Basi wewe kuwa kocha." Akasema wenye timu walikuwa wamekwisha kumwomba hivyo. Mama alifurahi. Nikaandika barua ya mistari mitatu kwa timu, nikapiga muhuri, nikamwita mgonjwa aliyefuata. Nilijiona nimefanya kazi njema sana siku hiyo.

Miezi 8 baadaye kijana alirudi, safari hii peke yake. Nikamfanyia tena jaribio lile la ngumi: hakuna maumivu hata kidogo. Mkono ulikuwa mzima. Mwenye mkono ndiye aliyekuwa ameharibika. Uzani ulikuwa umepanda kutoka kilo 79 hadi kilo 93. Shinikizo la damu lilikuwa 148 kwa 96. Nilirudia kulipima mara tatu, na nikamwita tena baada ya wiki moja, likawa lile lile. Sukari kabla ya kula ilikuwa 6.4, kiwango ambacho bado si kisukari lakini ni jirani yake wa karibu. Alikuwa akilala saa 4 au 5 kwa siku. Na haya yote hakuyajua. Alikuwa amekuja kwa ajili ya maumivu ya mgongo tu.

Msomaji ataniuliza, kosa lilikuwa la nani? Lilikuwa langu. Nilimwandikia mtu kazi kama ninavyoandika tembe, bila ya kuuliza kazi hiyo ina nini ndani yake.

Nilipotamka neno kocha, akilini mwangu alikuwepo mtu mwenye kofia na filimbi, anayezunguka uwanja wa City Stadium akiwafokea wachezaji wake jua likimchoma. Au nilimwona Patrick Sang, yule aliyeshinda nishani ya fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji kwenye Olimpiki ya Barcelona 1992, kisha akamlea Eliud Kipchoge hadi akawa alivyo. Kocha wa namna hiyo huamka na alfajiri, husimama, hutembea, hupigwa na upepo. Akiacha kukimbia yeye mwenyewe, mwili wake bado una nafasi ya kuwa mwili.

Kocha wa michezo ya video hana uwanja. Siku ile ya pili ndipo nilipomuuliza kijana ratiba yake, naye akanieleza huku mimi nikiandika kwenye kadi yake mpaka nafasi ikaisha.

Mchana hutazama rekodi za mechi za usiku uliotangulia, za timu yake na za wapinzani. Rekodi ya nusu saa huchukua saa 2, kwa kuwa huisimamisha, huirudisha nyuma, huandika nani alisimama wapi na kwa nini alikufa. Wachezaji wake wawili ni wanafunzi wa chuo na mmoja huuza duka, kwa hiyo mazoezi hayawezi kuanza kabla ya saa 3 usiku. Huendelea hadi saa 7, na mara nyingine saa 8. Hapo wachezaji huzima simu wakalala. Kocha hubaki akipanga makosa ya usiku huo ili kesho awe na la kusema. Kati ya hayo hupatanisha waliogombana, hubembeleza mzazi aliyemnyang'anya mchezaji simu, na hufuatilia pesa za zawadi ambazo hazijalipwa. Zamani alikuwa akicheza mpira wa miguu na vijana wa mtaa kila Jumapili, dakika 40 hivi. Aliuacha, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya mashindano.

"Nilipokuwa mchezaji, daktari," akaniambia, "mechi ikiisha imeisha. Sasa haiishi."

Ukilitazama kwa jicho la tiba, alichofanya kijana huyu ni kukipumzisha kidole kimoja na kuvichosha viungo vingine vyote. Kiti ni kile kile. Usiku ni ule ule, ila mrefu zaidi. Kilichoondoka ni kidole kuguswa na maumivu, na maumivu yale ndiyo yaliyokuwa yakimwambia mara kwa mara kwamba inatosha, aweke simu chini. Mgongo, mishipa na sukari havina adabu hiyo ya kupiga kelele mapema.

Wapo watakaosema ninamtia kijana mmoja chumvi nikamfanya taifa. Basi tuwaangalie wengine. Mwaka 2019 jarida la kitabibu la Uingereza linaloshughulikia tiba ya michezo lilichapisha uchunguzi wa wachezaji 65 wa vyuo vikuu vya Marekani na Kanada, waliokuwa wakifanya mazoezi kati ya saa 3 na saa 10 kwa siku. Asilimia 56 walikuwa na uchovu wa macho, asilimia 42 maumivu ya shingo au mgongo, asilimia 36 maumivu ya kifundo cha mkono na asilimia 32 maumivu ya kiganja. Asilimia 40 hawakuwa wakifanya zoezi lolote la mwili. Lakini takwimu iliyonikosesha usingizi mimi ni ya mwisho: ni asilimia 2 tu waliokuwa wamemwona daktari. Na hao ni vijana wa vyuo vyenye zahanati ndani ya ua. Wetu wa Umoja na Kayole je?

Sasa mtu akiingia katika ukocha akiwa amebeba shingo, macho na mgongo wa aina hiyo ambao haujawahi kupimwa, ukocha hautauponya. Utauficha. Mchezaji mwenye maumivu hucheza vibaya na watu wote wakaona. Kocha mwenye maumivu huketi tu.

Isidhaniwe kwamba naupinga ukocha wenyewe. Kinyume chake, maumbile yenyewe yanaelekea huko. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walichunguza michezo ya watu 3,305 wa StarCraft 2, wenye umri wa miaka 16 hadi 44, wakakuta kwamba kasi ya mtu kuona jambo na kulijibu huanza kupungua akiwa na miaka 24. Nilipomweleza mgonjwa wangu hayo alicheka, maana ndio umri aliokuwa nao nilipomtoa mchezoni. Lakini watafiti hao waliona pia kuwa wenye umri mkubwa zaidi hawakushindwa ovyo. Walifidia kasi iliyopotea kwa kucheza kwa njia rahisi zaidi na kwa ujuzi. Yaani mkono hutangulia kuchoka, akili ikabaki. Mtu wa namna hiyo kumfundisha mwenzake ni jambo la busara.

Wala si lazima awe alikuwa nyota. Kim Jeong-gyun wa Korea Kusini, ajulikanaye kwa jina la kkOma, hakuvuma sana alipokuwa akicheza. Lakini akiwa kocha aliiongoza timu ya SK Telecom T1 kutwaa ubingwa wa dunia wa League of Legends mwaka 2013, 2015 na 2016, na aliporejea katika klabu hiyo akautwaa tena mwaka 2024. Hapo katikati, mwaka 2023, aliifundisha timu ya taifa iliyopata dhahabu katika Michezo ya Asia mjini Hangzhou. Hiyo ni kazi kamili, wala si kiti cha kupumzikia majeruhi.

Hapo ndipo penye tofauti ninayotaka wazazi, wenye timu na madaktari wenzangu waione. Nitatoa mifano miwili inayojulikana.

Wa kwanza ni Clinton Loomis wa Marekani, ambaye wachezaji wa Dota 2 humwita Fear. Mwanzoni mwa 2014 maumivu ya kiwiko, yale yanayowapata wacheza tenisi, yalimlazimisha kuondoka katika kikosi cha Evil Geniuses. Alibaki na timu akiwa kocha, na Julai mwaka huo ikamaliza ya 3 katika The International, shindano kubwa kabisa la mchezo huo, mjini Seattle. Mkono ulipopata nafuu alirudi kucheza, na Agosti 2015 yeye na wenzake wakalishinda shindano lile lile na kugawana zaidi ya dola milioni 6.6. Alikuwa na miaka 27, umri ambao katika mchezo huu mtu huitwa babu. Kwake ukocha ulifaa, kwa sababu ugonjwa ulikuwa mkononi na ukocha uliupumzisha mkono. Baadaye, 2016, aliingia tena katika ukocha.

Wa pili ni Jian Zihao wa China, aitwaye Uzi, mmoja wa wachezaji mahiri kabisa wa League of Legends. Alitangaza kustaafu Juni 2020 akiwa na miaka 23. Alieleza mwenyewe kwamba amepatikana na kisukari cha aina ya pili, na akazitaja sababu: msongo wa miaka mingi, unene, kula bila ya mpango na kukesha. Baadaye alirudi kucheza kwa muda. Lakini hebu fikiria kama siku ile mtu angemwambia, kama nilivyomwambia wangu, "Usijali, kuwa kocha." Msongo, kukesha na kula ovyo vyote vingekuwa vikimngoja ndani ya kazi mpya.

Kwa hiyo kabla ya kumwambia mtu aache kucheza awe kocha, mtu huyo anaumwa nini hasa? Ikiwa ni mkono, ukocha waweza kumsaidia. Ikiwa ni maisha ya usiku na kiti, ukocha ni ugonjwa ule ule uliopandishwa cheo.

Kuna na jambo la moyo, na hapa nasema moyo unaodunda. Mchezaji akishikwa na hofu huwa na la kufanya, vidole vyake vinafanya kazi. Kocha hana. Katika League of Legends, kocha husimama nyuma ya wachezaji wakati wa kuchagua wahusika, kisha huvua vifaa vya masikioni na kuteremka jukwaani. Yatakayotokea baada ya hapo hana mamlaka nayo. Katika Counter-Strike, mwaka 2016 waandaaji wa mashindano makuu walimzuia kocha kuzungumza na wachezaji wakati mchezo unaendelea, isipokuwa wakati wa mapumziko na katika vipindi vichache vya sekunde 30. Aliketi pale pale, akaona kosa linakuja, amefungwa mdomo. Mwili hauelewi kanuni za mashindano. Humwaga homoni za mapambano kama vile mtu anafukuzwa na simba, mapigo ya moyo yakaenda mbio, shinikizo la damu likapanda, ilhali miguu haijasogea hata hatua moja.

Wapenzi wa kandanda wanalijua jambo hili kwa uchungu. Septemba 10, 1985, Jock Stein, kocha wa Scotland, alianguka kando ya uwanja mjini Cardiff timu yake ilipokuwa ikimaliza mechi na Wales, akafariki muda mfupi baadaye. Oktoba 2001 Gérard Houllier wa Liverpool alishikwa na maumivu ya kifua wakati wa mapumziko ya mechi na Leeds, akakimbizwa hospitalini na kupasuliwa kwa saa nyingi mshipa mkuu wa moyo. Hao walikuwa watu wazima, mmoja wa miaka 62 na mwingine 54, na sisemi kwamba kijana wa miaka 25 atakufa mbele ya simu. Nasema kuwa kuketi kando na kutazama si kupumzika. Mtu mwenye 148 kwa 96 asiyejua kwamba anayo hapaswi kuketi hapo usiku baada ya usiku.

Tukiwa hapo hapo, yapo pia makopo. Kopo moja dogo la vinywaji hivi vinavyoitwa vya kuongeza nguvu, la mililita 250, huwa na kafeini kiasi cha miligramu 80. Mgonjwa wangu alikuwa akinywa manne kati ya saa 3 na saa 8 usiku. Nusu ya kafeini hubaki mwilini saa 5 hivi baada ya kunywewa, kwa hiyo alipolala alfajiri alikuwa kama mtu aliyekunywa kahawa nzito akajifunika blanketi. Makampuni ya vinywaji hivi ni miongoni mwa wadhamini wakubwa wa michezo hii ulimwenguni. Tukiwaomba vijana wayakatae makopo yaliyochorwa kwenye fulana zao, tujue tunaomba kitu kigumu.

Nami nilisahau kabisa huzuni. Nilimuuliza kijana kama anaukosa mchezo. Alinyamaza kwa muda mrefu kisha akasema kwamba kinachomuuma ni kumsikia mvulana aliyechukua nafasi yake akisifiwa kwa mbinu aliyomfundisha yeye. Watu wengi huacha kazi waliyoijua wakiwa na miaka 60, wakafanyiwa sherehe na kupewa saa ya ukutani. Huyu aliiacha akiwa na miaka 24 kwa barua ya mistari mitatu ya daktari. Alihitaji kuomboleza, nasi tulimpa daftari la ratiba. Mtu aliyetoka mchezoni akikosa hamu ya chakula au ya watu, akawa mkali bila ya sababu, akaamka saa 9 usiku asipate usingizi tena, na hali hiyo ikadumu wiki mbili au zaidi, asiambiwe ajikaze. Amwone daktari.

Hata timu tajiri zenye wataalamu hazijaokoka. Danny Sørensen wa Denmark, aitwaye zonic, aliyekuwa mchezaji wa Counter-Strike, aliifundisha Astralis ikashinda mashindano makuu 4 kati ya 2017 na 2019. Timu hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza kumwajiri mtaalamu wa saikolojia ya michezo, Mia Stellberg kutoka Finland. Bado, Mei 2020, wachezaji wake wawili, Lukas Rossander na Andreas Højsleth, walipewa likizo ya ugonjwa kwa sababu ya msongo na uchovu. Baadhi ya watu waliliona hilo kuwa kushindwa. Mimi nililiona kuwa ndiyo timu pekee iliyofanya nilichopaswa kufanya mimi: iliwapumzisha watu kwa ukweli, haikuwahamishia kiti kingine.

Wenye timu humu nchini watanijibu kwamba Astralis ina mamilioni nao hawana hata pesa za intaneti. Nawaelewa. Lakini mambo ninayowaomba hayahitaji mamilioni. Kwanza, mchezaji asitawazwe kuwa kocha akiwa bado ana gango mkononi. Apone kwanza, apewe angalau wiki kadhaa asishike simu wala rekodi, kisha aulizwe kama bado anaitaka kazi hiyo. Pili, apimwe. Mizani, utepe wa kiunoni, mashine ya shinikizo la damu, tone la damu kwa ajili ya sukari, na macho. Vyote hivyo hupatikana katika kituo cha afya cha kawaida na huchukua chini ya saa moja. Tatu, mkataba wa kocha uandikwe saa za kazi na siku moja ya mapumziko kila wiki, na kazi ya kutazama rekodi igawanywe. Wachezaji nao wana macho. Timu isiyo na saa ya kufunga haina kocha, ina mlinzi wa usiku.

Na kocha mwenyewe ajue kuwa yeye ndiye anayepanga ratiba. Hakuna daktari mwenye uwezo huo. Mimi naweza kumwambia kijana alale saa 7, atembee hadi atimize zile dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linataka kila mtu mzima azifikishe, na kila baada ya dakika 20 atazame kitu kilicho mbali ili macho yapumzike. Ataitikia kwa adabu, halafu atakwenda kwa kocha wake, naye atamwambia mazoezi ni saa 3 usiku. Atamtii nani?

Neno kwa akina mama na akina baba. Shirika hilo hilo la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo ya video katika orodha yake ya maradhi, orodha iliyoanza kutumika Januari 2022. Lakini ugonjwa huo haumaanishi kucheza sana tu. Ni pale mtu anapopoteza uwezo wa kujizuia, mchezo ukatangulia mbele ya kila jambo maishani, naye akaendelea ingawa anaona unamwangamiza, kwa kawaida kwa muda wa mwaka au zaidi. Kijana anayelipwa, anayetii ratiba na anayeweza kuacha siku ya msiba wa jirani ni mfanyakazi. Mwulizeni kuhusu kazi yake kama ambavyo mngemwuliza dereva au karani. Mkimwita mvivu hatawaambia mkono unapoanza kuuma.

Tena mjiandikishe. Wengi wa vijana hawa hawana bima yoyote. Tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ndiyo iliyochukua mahali pa NHIF, na kwa asiye na ajira rasmi mchango ni asilimia 2.75 ya mapato ya kaya, kiwango cha chini kikiwa sawa na Sh300 kwa mwezi. Kocha wa timu ndogo hana mwajiri wa kumkata mshahara, kwa hiyo asipojiandikisha mwenyewe hakuna atakayemkumbusha.

Mgonjwa wangu hakuacha ukocha, wala sikumwambia auache. Barua moja kutoka kwangu ilimtosha. Tulikubaliana mazoezi yahamishwe yaanze saa 1 usiku na kufungwa saa 4 na nusu. Yule wa dukani alilalamika, akaruhusiwa kuchelewa. Makopo yamebaki moja, nalo kabla ya jua kutua. Jumapili asubuhi amerudi uwanjani na vijana wa mtaa, ingawa anasema siku hizi humweka golini.

Mwezi uliopita alikuja na wachezaji wake wote wanne. Walijipanga kwenye benchi pale nje kama watoto wa chanjo. Nilimfanyia kila mmoja jaribio la ngumi, na mdogo wao, wa miaka 19, aliruka kama alivyoruka kocha wake siku ile. Mgonjwa wangu hakungoja niseme. Alichukua simu akafuta jina la kijana huyo kwenye orodha ya mashindano ya Jumamosi, akaweka la mchezaji wa akiba. Kijana alikaribia kulia. Nasikia Jumamosi walifungwa vibaya.

Walipokuwa wakiondoka nilimwita kocha arudi, nikamfunga mashine mkononi, maana alikuwa ameleta watu wote isipokuwa yeye. Ilikuwa 136 kwa 88. Nimempa tarehe nyingine baada ya wiki 6.